Maabara Imefungwa, Mita Bado Inakimbia: Kutafuta Chanzo cha Matumizi Makubwa ya Nishati

Jengo la ofisi, watu wakishaondoka na taa zikazimwa, matumizi ya umeme hushuka hadi karibu na chini kabisa. Jengo la maabara haliko hivyo. Feni zinaendelea kuvuta hewa kutoka nje, mitambo inaipoza, inaikausha, pengine inaipasha moto tena, hewa inapita chumbani mara moja tu, kisha inarushwa nje juu ya paa. Hairudishwi ndani kwa sababu huenda imebeba mvuke wa kemikali au vijidudu. Juu ya hayo kuna friza, inkubeta, otoklevu (mashine za kuua vijidudu kwa mvuke) na pampu ambazo hazijui Jumapili. Ndiyo maana mita moja ya mraba ya maabara hula nishati mara kadhaa zaidi ya mita moja ya mraba ya ofisi, na mara nyingi zaidi ya nusu ya nishati hiyo inakwenda kwenye hewa: kuisukuma, kuipoza na kuipasha moto.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu watu wengi wakiambiwa wapunguze matumizi hukimbilia taa na kompyuta. Si vibaya, ila ukitumia mwezi mzima huko utakuwa umeshika mkia na kumwacha ng'ombe. Maabara ikikusumbua, fuata hewa kwanza.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, ili uanzie pale panapokuuma. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho nakuomba uwe nacho mkononi kabla ya dalili yoyote.

## Ujue usiku wa jengo lako

Chukua data ya mita kuu ya wiki nzima, iliyorekodiwa kila dakika 15, uichore kwenye kompyuta. Weka kidole kwenye saa nane mchana, kisha kwenye saa tisa usiku. Tuseme mchana unasoma kilowati 130 na usiku 105. Zile 25 za tofauti ndizo kazi ya watu. Zile 105 zinaliwa awepo mtu asiwepo, na mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ni yuniti 919,800 ambazo hakuna aliyebonyeza swichi kuziomba. Ukiondoa kilowati moja tu kwenye mzigo huo wa kudumu, umeokoa yuniti 8,760 kwa mwaka. Kuwahimiza watafiti wazime kompyuta mchana hakukufikishi huko.

Tahadhari moja ya saa. Mita huandika 03:00 na 14:00, lakini daftari la zamu mara nyingi huandikwa kwa saa zetu. "Saa 3" ya daftari ni 09:00 au 21:00 ya mita. Geuza zote ziwe za mtindo mmoja kabla hujalinganisha chochote. Nimewahi kuona watu wakisaka kwa wiki mbili kifaa kilichowaka usiku wa manane, kumbe ni otoklevu iliyowashwa asubuhi kama kawaida.

## Dalili: jumla ya mita ndogo hailingani na mita kuu

Mita kuu inasema 100, mita ndogo zote za sehemu za jengo zikijumlishwa zinasema 70. Upotevu wa kwenye nyaya ni asilimia chache tu, hauwezi kueleza pengo la namna hiyo. Usianze kupunguza matumizi ukiwa na pengo hili. Namba mbovu itakupeleka kutengeneza kitu kizima na kukiacha kibovu.

Chanzo cha kwanza ni rahisi: kuna sakiti isiyopita kwenye mita yoyote ndogo. Feni za paani ndizo hasa husahaulika, kwa kuwa zilifungwa na mkandarasi wa hewa wakati mita zilifungwa na mkandarasi wa umeme. Tembea na mchoro wa bodi za umeme, sakiti moja baada ya nyingine, uweke alama kila unapoona mita.

Chanzo cha pili ni CT, zile pete zinazovishwa kwenye nyaya ili kupima mkondo. Hapa ndipo nimekuta makosa mengi kuliko penginepo, na ni makosa yanayotabirika kwa hesabu. Chukua mzigo wa fezi tatu wenye kilowati 20 kila fezi. Jumla sahihi ni 60. Pete moja ikivishwa kinyume, fezi hiyo inasoma hasi: 20 + 20 − 20, jumla 20. Mita inaonyesha theluthi ya ukweli, na kwa sababu namba bado ni chanya na inapanda na kushuka vizuri, hakuna anayeshtuka. Pete mbili zikibadilishana fezi, mambo yanakuwa mabaya zaidi: kama pawa fakta (uwiano wa nguvu inayofanya kazi kweli na ile inayovutwa) iko karibu na 1, fezi hizo mbili zinasoma hasi 10 kila moja, ya tatu inasoma 20, na jumla inakuwa karibu sifuri wakati mota zinanguruma mbele yako.

Kwa hiyo usiangalie jumla. Fungua ukurasa wa kila fezi kwenye mita na usome kilowati na pawa fakta ya kila moja peke yake. Fezi inayosoma hasi, au pawa fakta ya 0.4 kwenye bodi ya taa na soketi, imeshajitaja yenyewe. Kisha linganisha na klampu ya mkononi, kile kipimo kinachobana waya na kusoma mkondo. Kama mita inasoma nusu kamili au mara mbili kamili ya klampu, kosa liko kwenye uwiano: pete imeandikwa 400/5, mita imewekewa 200/5. Kosa la mara kumi kamili kwa kawaida ni thamani ya palsi (kiasi cha nishati kinachowakilishwa na kila mpigo wa mita) iliyowekwa vibaya kwenye mfumo wa kumbukumbu.

Jambo ambalo sitachoka kulisema: kamwe usifungue nyaya za upande wa pili wa CT, zile zinazokwenda kwenye mita, wakati mkondo unapita kwenye waya mkuu. Volti inayojitokeza hapo inaweza kuua. Fundi mwenye sifa afunge njia ya mkato kwanza kwenye terminali zake, au umeme ukatwe.

Kuna pia makosa ya data yenyewe. Namba isiyobadilika kwa siku tatu maana yake mawasiliano yamekatika na mfumo unarudia ulichokisikia mwisho. Mlima mrefu wa dakika 15 unaofuata pengo ni matumizi ya saa zote zilizokosekana yaliyomwagwa mahali pamoja. Namba kubwa hasi mara nyingi ni kaunta iliyojaa na kuanza upya; kaunta ya biti 16, kwa mfano, inafika 65,535 na kurudi sifuri.

Mita za joto na ubaridi wa maji zina udhaifu wao. Lita 1 ya maji kwa sekunde ikibadilika nyuzi 5 inabeba takriban kilowati 21. Nyuzi 5 ni tofauti ndogo. Kihisi kimoja kikisoma nusu nyuzi juu na mwenzake nusu nyuzi chini, umeshakosea kwa asilimia 20. Vihisi vya mita hizi huuzwa kwa jozi iliyolinganishwa. Kimoja kikifa, badilisha vyote viwili. Na vipime pamoja: vitie vyote kwenye ndoo moja ya maji, uone kama vinasema neno moja.

## Dalili: usiku ni sawasawa na mchana

Mstari wa grafu umenyooka kama uzi wiki nzima. Hakuna asubuhi, hakuna jioni, hakuna wikendi.

Nenda kwenye chumba cha feni. Mara moja nilifungua paneli ya draivu (kifaa kinachoongoza mwendo wa mota) ya feni kuu katika jengo ambalo kila mtu aliapa kwamba feni zake hupunguza mwendo usiku. Kwenye skrini ya mfumo wa usimamizi wa jengo, amri ilikuwa inasema asilimia 60. Mbele yangu, kioo kidogo cha draivu kilisoma hezi 50.0, yaani mwendo kamili, na hakikutikisika. Swichi ilikuwa imegeuzwa upande wa mkono badala ya otomatiki. Kando yake, kipande cha plasta nyeupe kimebandikwa, kimeandikwa kwa kalamu ya wino "USIGUSE", bila tarehe, bila jina. Kingo za plasta zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia. Tulipouliza, fundi mmoja alikumbuka kwamba zamani kihisi cha shinikizo kiliharibika, feni ikawa inazimika, na mtu akaiweka kwenye mkono ili kazi iendelee. Kihisi kilibadilishwa baadaye. Swichi haikurudishwa.

Hicho ndicho chanzo cha kukitafuta kwanza, kwa sababu ni cha kawaida, hakigharimu chochote kukirekebisha, na skrini ya ofisini haikionyeshi. Skrini inaonyesha kilichoamriwa, na ukweli uko kwenye mota. Soma hezi kwenye draivu yenyewe.

Na faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nguvu inayohitajika na feni hufuata mchemraba wa kiasi cha hewa: ukipunguza hewa hadi asilimia 80, nguvu inashuka hadi 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani karibu asilimia 51. Kwenye jengo halisi hutapata yote hayo, maana mifumo mingi inalinda shinikizo fulani kwenye dakti (njia za kupitishia hewa), lakini hata sehemu yake ni nyingi.

Kama draivu iko kwenye otomatiki na bado mstari umenyooka, angalia ratiba. Mara nyingi ratiba ya usiku ipo lakini mtu aliizima kwa ajili ya jaribio lililochukua wikendi moja. Au haijawahi kuwepo. Maabara nyingi huendeshwa kwa kubadilisha hewa ya chumba kati ya mara 6 na 12 kwa saa, na kiwango hicho hubaki vilevile usiku ingawa hakuna mtu ndani. Baadhi ya majengo hushusha hadi mara 4 kwa saa chumba kikiwa kitupu. Hapo lakini uamuzi si wako wala si wangu peke yetu. Ofisa wa usalama wa maabara lazima aseme ni kemikali gani zinakaa chumba hicho, nini kitatokea zikimwagika usiku, na hewa itarudi juu kwa haraka kiasi gani mtu akiingia. Yuniti zilizookolewa kwa kumvutisha mfagiaji mvuke wa kemikali saa kumi na moja alfajiri si akiba.

## Dalili: vioo vya hudi vinafungwa, matumizi hayashuki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo juhudi njema hufia. Uongozi unabandika vibandiko vya "funga kioo", watafiti wanafunga, mwezi unapita, mita haijasogea, na watu wanakata tamaa. Hawakukosea. Jengo halikuwa limejengwa kuwasikia.

Hudi ninayoisema ni lile kabati la kufyonza mvuke wa kemikali, lenye kioo cha mbele kinachopanda na kushuka. Hesabu yake ni fupi. Upana wa mita 1.5, kioo kimeinuliwa mita 0.45, hewa ikiingia kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, ambayo ndiyo hutumika sana: zidisha, unapata mita za ujazo 0.34 kwa sekunde, takriban 1,215 kwa saa. Kuipoza hewa hiyo nyuzi 10 tu kunahitaji kilowati 4 za ubaridi. Kama hewa ya nje ina unyevu mwingi, kuikausha kunahitaji ubaridi mwingi zaidi ya huo wa kuipoza. Na hiyo ni hudi moja, mchana na usiku.

Sasa jaribu hivi. Saa ambayo hakuna kazi, funga vioo vyote vya maabara moja. Kaa dakika 15 ukitazama mambo matatu: kiasi cha hewa kinachoingia chumbani, hezi za feni ya kutoa hewa, na kilowati za mita ya feni. Kisha fungua vyote, utazame tena.

Kama hakuna kilichobadilika, huenda hudi ni za aina ya kiasi kisichobadilika. Inua macho uangalie juu ya kioo: hudi hizi zina wavu ambao kioo kikishuka unafunguka na kupitisha hewa ileile iliyozuiwa chini. Kufunga kioo kwenye hudi ya namna hii kunamlinda mtu dhidi ya mrusho na mlipuko, na kwa hiyo kufungwe, lakini hakuokoi yuniti hata moja. Kinachookoa ni kubadilisha vidhibiti vyake, au kuiondoa kazini hudi ambayo imegeuzwa stoo ya chupa. Hesabu hudi za jengo lako zinazotumika kweli. Zile za stoo, kwa idhini ya ofisa wa usalama, zitolewe vilivyomo, zizimwe na kufungwa dampa zake (vile vibao vinavyofungua na kufunga njia ya hewa).

Kama hudi ni za kisasa zinazopunguza hewa kioo kikishuka, na bado mita imegoma, tazama kima cha chini cha hewa ya chumba. Chukua chumba cha mita za mraba 60 chenye kimo cha mita 3: ujazo ni mita 180 za ujazo. Kikiwekewa kubadilisha hewa mara 8 kwa saa, kinadai mita za ujazo 1,440 kwa saa. Hudi moja iliyo wazi inatoa 1,215. Kwa hiyo kioo kiwe juu au chini, chumba kitavuta 1,440 ileile. Kinachopungua kwenye hudi kinaongezwa kwenye dampa ya dari. Kwenye chumba kama hicho, kibandiko cha "funga kioo" hakina la kuokoa mpaka kima cha chini kikaguliwe upya. Mara nyingi kiliwekwa na msanifu ambaye hakujua chumba kitafanya kazi gani, akaweka namba kubwa kwa tahadhari.

Au chumba kinaongozwa na joto. Wameingiza friza sita kwenye maabara, zinatoa joto, kidhibiti cha joto kinadai hewa baridi zaidi, na hewa hiyo ni nyingi kuliko ile ya hudi. Hapa dawa ni kuziondoa friza, zipelekwe kwenye chumba chao chenye kupoza kwake.

Au, na hili huwapita wengi, hewa imepungua chumbani lakini feni ya paani haijapungua. Baadhi ya feni za kutoa hewa lazima zirushe moshi kwa kasi fulani ili upande juu usirudi madirishani. Hewa ya maabara ikipungua, dampa ya pembeni paani inafunguka na kuvuta hewa ya nje kujaza pengo. Umeme wa feni hiyo utabaki palepale. Usikate tamaa: bado umeokoa ubaridi na joto la hewa ambayo haikupita ndani, ila akiba hiyo iko kwenye mita ya mtambo wa kupoza. Ukiangalia mita ya feni peke yake utasema hakuna kitu.

Neno kuhusu kasi ya hewa. Kuna wanaodhani kasi zaidi ni usalama zaidi, wakapandisha. Kasi ikizidi, hewa inajikunja mbele ya kifua cha mtu na kuvuta mvuke nje. Kila unapogusa mfumo wa hewa, pima tena kasi kwenye kila hudi na uifanyie jaribio la moshi: moshi uingie ndani moja kwa moja, usisite mdomoni. Usisaini kazi kabla ya hapo.

## Dalili: boila na mtambo wa kupoza vyote vinafanya kazi sana siku moja

Weka grafu ya nishati ya kupasha moto juu ya grafu ya nishati ya kupoza. Siku ya joto kali, boila ilipaswa kupumzika. Kama iko juu, jengo linapoza hewa na kuipasha moto palepale, na unalipa mara mbili.

Kiasi fulani hakiepukiki. Ili kuondoa unyevu, hewa hushushwa hadi nyuzi 13 hivi, kisha huongezwa joto kidogo isiwagandishe watu. Tatizo ni pale chumba kimoja chenye mitambo ya moto kinapolazimisha hewa yote ya jengo iwe baridi, na vyumba kumi vingine vikawa vinaipasha moto upya. Kitafute chumba hicho: ni kile ambacho dampa yake iko wazi asilimia 100 muda wote. Kipatie kipoza chake, kisha uruhusu joto la hewa ya jengo lipande.

Chanzo kingine ni valvu ya maji ya moto inayovuja. Mfumo umeiamuru ifunge, haikufunga. Iamuru ifunge kwa asilimia 0, subiri dakika 20, kisha pima joto la hewa kabla na baada ya koili, yale mabomba ya maji ambayo hewa hupita katikati yake. Tofauti ikizidi nyuzi 1, na hakuna feni katikati ya kueleza joto hilo, valvu inapitisha. Kwenye dakti yenye mita za ujazo 1.5 kwa sekunde, nyuzi 2 za bahati mbaya ni kilowati 3.6 za joto, na mtambo wa kupoza unahangaika kuziondoa. Kwa mwaka ni zaidi ya yuniti 31,000 za joto kutoka kwenye valvu moja.

Vihisi vya unyevu navyo huhama taratibu kadiri vinavyozeeka. Kikisoma juu kuliko ukweli, mfumo unakausha hewa iliyokwisha kuwa kavu. Vilinganishe kila mwaka na kipimo cha mkononi kinachoaminika.

## Dalili: chumba cha friza ni tanuri

Friza ya nyuzi −80 ya zamani inaweza kula yuniti 20 kwa siku, wakati za kisasa nyingi ziko chini ya 10. Za zamani kumi ni yuniti 73,000 kwa mwaka, na zote zinageuka joto chumbani, linaloondolewa kwa umeme mwingine.

Pima friza kwa mita ya soketi kwa angalau saa 24, maana kompresa inawaka na kuzima na kipimo cha dakika tano kinadanganya. Halafu vua kichujio cha mbele. Nimewahi kukivua kimoja kikatoka na blanketi la vumbi la kijivu unene wa kidole, lenye umbo la wavu kama limeshonwa. Kilipooshwa na kurudishwa, kompresa iliyokuwa hainyamazi ilianza kupumzika. Angalia mpira wa mlango: barafu kwenye kona moja inamaanisha hewa inaingia hapo. Angalia nafasi ya nyuma, friza haipaswi kubanwa ukutani.

Kisha kuna mazungumzo ya nyuzi −70. Kupandisha kutoka −80 kwenda −70 hupunguza matumizi kwa takriban robo hadi theluthi kwa friza nyingi, na sampuli nyingi hukaa salama hapo. Lakini mwenye sampuli ndiye mwenye neno. Kaa naye na orodha yake, muanze na friza moja, msigeuze zote kwa waraka.

## Dalili: kilele cha ghafla

Hili ni fupi. Ankara ikihesabu pia kilele cha kilowati, tafuta vinavyowaka pamoja: otoklevu na oveni zote saa mbili asubuhi, au friza zote umeme unaporudi baada ya kukatika. Panga zamu za otoklevu, ziwekee friza ucheleweshaji tofauti wa kuwaka. Otoklevu pia hupenda kuachwa koti lake likiwa na mvuke usiku kucha. Saa ya kuizima ni bei ndogo sana.

## Dalili: matumizi yanapanda polepole, hakuna kipya

Kabla ya kulaumu, ondoa hali ya hewa. Chora nukta, siku moja nukta moja: chini joto la nje la siku hiyo, pembeni yuniti za siku. Mwaka jana rangi moja, mwaka huu rangi nyingine. Kama mstari mzima umepanda bila kubadili mwinuko, kuna mzigo wa kudumu umeongezeka: friza mpya, pampu ya ombwe isiyozimwa, draivu iliyogeuzwa mkono. Kama mwinuko umekuwa mkali, shida iko kwenye hewa na kupoza: koili chafu, dampa iliyokwama wazi, mtambo wa kupoza uliochoka. Mchoro huu mmoja umenipunguzia kutembea kuliko kifaa chochote nilichonunua. Hata kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa nishati, ISO 50001, kilichotoka 2011 na kurekebishwa 2018, kinadai uwe na msingi wa kulinganishia kabla ya kudai akiba.

Vichujio vya hewa vilivyoziba ni chanzo cha kimyakimya. Draivu inayolinda kiasi cha hewa itaongeza mwendo kufidia, na hakuna atakayesikia upungufu chumbani. Umeme tu ndio utakaopanda. Soma tofauti ya shinikizo kwenye vichujio, ubadilishe kwa kipimo hicho, usingoje kalenda.

## Dalili: akiba ilipatikana, imeyeyuka

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu kazi ilikuwa imefanyika vizuri. Miezi minane baada ya marekebisho, usiku umerudi ulipokuwa. Karibu kila mara mtu alikuwa na sababu nzuri: mota ililia, chumba kilinuka, jaribio lilihitaji hewa zaidi. Aligeuza swichi ili kazi iendelee, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Weka alamu kwenye ile namba ya saa tisa usiku. Ikizidi kawaida yake kwa asilimia 10 kwa siku tatu mfululizo, ujumbe umfikie fundi mwenye jina, usiende kwenye sanduku la barua la idara. Na kwenye kila draivu, valvu na dampa inayoweza kugeuzwa mkono, ning'iniza kadi ya plastiki yenye nafasi nne za kuandika: nani ameigeuza, lini, kwa nini, na irudishwe tarehe gani. Kwenye ile draivu ya hezi 50.0 tulibandua plasta ya "USIGUSE" tukaning'iniza kadi. Nilipopita tena, kadi ilikuwa na mistari mitatu ya mwandiko tofauti, na kila mstari ulikuwa na tarehe ya kurudisha iliyopigwa tiki. Swichi ilikuwa kwenye otomatiki, na kioo kidogo kilisoma 31.4.